Mgeni Haonyeshwi Kidonda

Jumanne ni siku ya kusafisha protini, na Ndinda alikuwa amezisafisha Jumanne nyingi mno, hata angeweza kuifanya kazi hiyo akiwa amelala. Tukisema kweli, siku nyingine alikaribia kufanya hivyo. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, fundi wa maabara katika kituo kidogo cha utafiti kando ya barabara ya Mombasa, si mbali na Kiboko. Kwa miaka miwili maisha yake yalikuwa chupa, barafu, na mashine ya kuzungusha iliyonguruma kama kinu cha posho.

Kazi yenyewe haina uchawi wowote. Kuna bakteria anayependa vidonda, hasa vidonda vya miguu vya watu wenye ugonjwa wa sukari. Miili yetu, ukiitazama kwa karibu kabisa, imefunikwa na sukari za kila namna, nyembamba kama manyoya, na bakteria wengi wana protini zinazojua kuzikamata sukari hizo, kila protini na sukari yake, kama kiganja kilichozoea mpini wa jembe lake. Ndivyo wanavyojishikiza wasisombwe. Na bakteria nao wamevaa koti la sukari zao wenyewe. Wakubwa wa kituo walichukua maelekezo ya kutengeneza kiganja cha aina hiyo kutoka kwa bakteria wa udongoni, wakayachokonoa hapa na pale, wakaunganisha viganja viwili mgongo kwa mgongo, kisha wakayapandikiza maelekezo hayo ndani ya bakteria mpole wa maabara. Huyo mpole akawa anawatolea protini mpya chupani, wiki baada ya wiki, bila kuuliza ni ya nini.

Kiganja kimoja kilishika koti la yule bakteria wa vidonda. Cha pili kilishika punje za rangi nyekundu zilizopakwa sukari. Unadondosha tone la majimaji ya kidonda kwenye kipande cha karatasi, unasubiri dakika kumi. Kama adui yumo, protini inamkamata, inamburura pamoja na rangi, na mstari unakuwa mwekundu. Kama hayumo, mstari unabaki mweupe. Kulikuwa na mstari mwingine mdogo pembeni, ambao hutokea kwa vyovyote vile, wa kukuhakikishia kwamba karatasi ni nzima.

Kila Jumanne Ndinda aliimimina protini hiyo kwenye mrija uliojaa shanga za sukari. Protini ilizishika shanga, uchafu mwingine ukapita zake. Kisha alimwaga maji yaliyokolea sukari ya matunda, maana ile sukari iliyoandikwa vitabuni ni ya maabara za wenye nacho. Viganja vilijaa sukari hiyo mpya, vikaziachilia shanga, na protini ikatiririka chini ikiwa safi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake yote, kuishibisha mpaka iachilie.

Alikuwa bado ameinamia mrija wakati Daktari Gedion Nzomo, mkuu wa mradi, alipoingia na karatasi mkononi. Nzomo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka kama yeye, ila kwa cheo kikubwa zaidi, basi.

"Majibu ya pamba tulizopangusia vidonda yamerudi kutoka Nairobi," alisema. "Wiki tano wameyakalia. Tawa tuko sawa kabisa. Watu arobaini, tumelingana nao kwa thelathini na wanane. Lakini Mwingi, aiya! Watu thelathini na mmoja, Nairobi wameona bakteria kwa ishirini na wanne. Sisi karatasi yetu imeona kwa watano."

"Watano?"

"Watano tu. Ni joto la kule limeharibu karatasi. Toa Mwingi kwenye ripoti, andika kasoro ya uhifadhi, tutume Ijumaa tumalize."

Ndinda alikuwa amezibeba karatasi hizo mwenyewe, ndani ya sanduku la barafu, magotini pake.  Alipokea orodha, akatembeza kidole juu yake mpaka namba kumi na nne, kikakwama hapo. Namba kumi na nne alikuwa Mzee Shire, mfanyabiashara wa mbuzi pale Mwingi. Nairobi walisema kidonda chake kimejaa bakteria. Karatasi ya Ndinda ilikuwa imesema mara mbili kwamba ni safi, na mara zote mbili Ndinda alimshika mkono akampa hongera.

Akampigia Kavindu, nesi wa zahanati ya Mwingi aliyekuwa akiwafuatilia wagonjwa.

"Nilikuwa nakutafuta," Kavindu akasema. "Mguu wa Shire umebadilika rangi. Nimemwambia aende hospitali, amekataa. Ati karatasi yako ilisema kidonda ni safi, na karatasi haina sababu ya kumdanganya. Ndinda, kuja. Mimi hanisikii."

Ikawa safari. Muindi, dereva wa kituo, alilipeleka gari Kibwezi, akakata kushoto kwenda Mutomo, wakaipita Kitui mjini bila kusimama. Ndinda aliegemeza kichwa kwenye kioo na hakulala. Walipoikaribia Mwingi alifanya alichofanya kila mara, akampigia simu Ijabo, mke wa Shire, kumwarifu kwamba anakuja. Hivyo ndivyo alivyolelewa. Huwezi kuingia katika nyumba ya watu kama polisi.

Shire na Ijabo walikaa nyuma ya maduka, upande wa barabara ya Garissa, mahali ambapo malori ya mifugo hupumzika na harufu ya mbuzi haipumziki kamwe. Ndinda alikuja na mfuko wa machungwa ya Makueni, maana mkono mtupu haulambwi. Ijabo akaupokea kwa mikono miwili, akamkalisha, akamtilia chai ya maziwa yenye iliki, akamwekea anjera, ile mikate myembamba ya Kisomali. Ndinda alitaka kuuona mguu mara moja, lakini chai ilikuwa imeshamiminwa, na chai iliyomiminwa hairukwi. Akainywa ikiwa moto hata ikamchoma ulimi.

Shire alikuwa ameketi juu ya godoro, mguu umewekwa juu ya mto. Alikuwa mwembamba, ndevu zimepakwa hina, na macho yake yalikuwa na homa.

"Daktari," alisema. Ndinda alikuwa amechoka kumweleza kwamba yeye si daktari. "Hawa wanawake wananisumbua na hospitali. Waambie."

"Nione kwanza, mzee."

Bandeji ilikuwa nyeupe, mpya, imefungwa kwa ustadi. Chini yake kidonda chenyewe kilikuwa kisafi kupita kiasi, kinang'aa, hakina hata tone la usaha. Lakini kuzunguka kidonda ngozi ilikuwa nyeusi, weusi umepanda mpaka kifundoni, na kutoka ndani kulikuwa na harufu tamu, nzito, ya matunda yaliyopitiliza kuiva. Ndinda aliijua harufu hiyo. Ni ya yule bakteria wa vidonda, ambaye maabara wanamfuga kwa majaribio, na anakaa nayo kutwa nzima. Na hapo akakumbuka, kwa aibu iliyompanda mpaka masikioni, kwamba alikuwa ameinusa katika ziara ya pili pia, kidogo tu. Mstari ulikuwa mweupe, naye akaiambia pua yake inyamaze, kwa kuwa pua haina shahada.

Akachukua tone, akalidondosha. Dakika kumi zilipita, nje dereva mmoja wa lori akigombana na mwenzake kuhusu kamba. Mstari mdogo wa pembeni ukatokea vizuri. Mstari wenyewe ukabaki mweupe pee.

"Unaona?" Shire akamwambia mkewe.

Ndinda hakuona chochote. Alikaa akiikodolea macho karatasi kama mtu anayesoma barua ya kufukuzwa. Sukari ya damu haikuwa sababu, waliipima hiyo mwaka wa kwanza na protini haikuijali. Joto halikuwa sababu. Akanyoosha mkono kuitia kwenye beseni bandeji aliyoifungua, na glavu ikang'ang'ania kitambaa. Akaivuta. Ikafuata na uzi mwembamba wa kitu cha rangi ya kahawia.

"Mama Deeq," akamuuliza Ijabo, akimwita kwa jina la mwanawe, "hapa umepaka nini?"

"Asali," Ijabo akajibu, akishangaa swali lenyewe. "Ile safi ya Muthama, yule mfuga nyuki, anarina mwenyewe kule kwao. Asali ni dawa, hata Kitabu kimesema."

"Unampaka kila siku?"

"Kila siku nitaitoa wapi? Napaka ukipiga simu unakuja. Naosha usaha wote, najaza asali, nafunga bandeji mpya. Wewe ni mgeni, na mgeni haonyeshwi kidonda kichafu." Akamtazama. "Kwani wale wengine hawapaki? Hapa karibu wote tunapaka. Yule mama jirani wa kanisani ndiye alinionyesha hiyo asali ya Muthama."

Ndinda akakaa chini, sakafuni, pale pale alipokuwa. Thelathini na mmoja. Aliwapigia simu wote. Kwa heshima kabisa, nyumba baada ya nyumba, aliwapa muda wa kujiandaa, nao kwa heshima hiyo hiyo wakajiandaa. Kule Tawa wagonjwa walikuja wenyewe zahanati, nesi akawaosha kwa maji ya chumvi kabla ya lolote. Huku yeye ndiye aliyekuja. Na asali ni nini, kama si sukari ya matunda iliyokolea? Protini yake maskini ilifika kidonda kimejaa bakteria, ikakuta pia karamu ya sukari, viganja vyote viwili vikajaa, ikawa haina cha kumshikia adui. Jambo ambalo Ndinda alilifanya kwa mikono yake kila Jumanne kwa miaka miwili, Ijabo alilifanya nyumbani kwa kijiko, naye Ndinda asilione. Alitaka kucheka, na alitaka kulia, na hakuwa na nguvu za lolote kati ya hayo mawili.

"Nipe maji yaliyochemshwa," alisema. "Na chumvi."

Akakiosha kidonda mara tatu, polepole, mpaka glavu haikunata tena. Shire aliuma shuka. Akasubiri majimaji mapya yajitokeze, akachukua tone, akadondosha kwenye karatasi nyingine. Hazikuisha hata dakika nne. Mstari ulikuja mwekundu kama pilipili.

Ndinda akaiinua karatasi mzee aione.

"Mzee," Ndinda akasema, "karatasi ilikudanganya. Mimi nilikudanganya. Lazima twende hospitali sasa hivi."

Shire akaitazama karatasi, akamtazama yeye. Ndinda alingoja matusi. Angeyapokea kwa shukrani.

"Sasa hii ya leo imesema kweli?"

"Imesema kweli."

"Basi twende," akasema mzee, akanyoosha mikono ili Muindi ambebe.

Imani ile ilimuumiza Ndinda kuliko tusi.

Hospitalini daktari wa upasuaji aliubonyeza mguu, akakunja uso, akasema watamtayarisha usiku kucha kwa maji na dawa, asubuhi wampasue. Vidole vitaondoka, hilo hakulificha. Pengine na zaidi ya vidole, watajua wakishafungua. Shire akaweka sahihi bila kusita. "Vidole nitawapa," akamwambia Ndinda. "Mbuzi hawahesabu vidole vya mtu anayewanunua." Maisha yake yote ilikuwa ni kutembea, kutoka zizi hadi zizi, kumpapasa mbuzi mgongo, kumtazama anavyotia mguu chini. Hakununua mnyama ambaye hakutembea naye kwanza.

Jumatano asubuhi Ndinda na Ijabo walikaa kwenye benchi la korido. Ijabo alikuwa na tasbihi, Ndinda alikuwa na simu. Alikuwa amemwandikia Nzomo kila kitu, na sasa Nzomo alipiga, sauti yake ina furaha ambayo Ndinda hakuwa ameisikia mwaka mzima.

"Asali! Ndinda, umetuokoa! Kumbe kipimo hakina kosa. Ni watu wenyewe. Andika hivi, maandalizi yasiyofaa ya mgonjwa. Mgonjwa alipaka vitu kinyume na maelekezo."

"Hakukuwa na maelekezo, daktari. Hatukuwahi kuwaambia wasipake."

"Hatukuwaambia wapake pia. Sikiza, tukisema kipimo chetu kinadanganywa na kijiko cha asali, wafadhili watafunga mradi. Wewe una mtoto kidato cha tatu. Mimi nina wafanyakazi kumi na wanane wa kuwaambia waende nyumbani. Usinifanye niwe mbaya."

"Nitakuandikia," akasema Ndinda, akakata simu.

Mlango ukafunguka, daktari wa upasuaji akatoka akiwa bado amevaa kofia ya kijani. Alizungumza kwa upole na kwa haraka, kama mtu mwenye wagonjwa wengine watatu wanaomngoja. Mzee atapona. Ila bakteria walikuwa wamepanda ndani kuliko ilivyoonekana, na wameukata mguu chini ya goti. "Angeletwa wiki tano zilizopita," alisema, "tungeondoa vidole viwili." Kisha akaenda zake.

Ijabo hakulia kwa sauti. Alizungusha tasbihi mpaka mwisho, akaanza upya, akaacha katikati.

"Ile asali," akasema. "Kama singepaka, karatasi ingekuwa nyekundu tangu siku ya kwanza."

Ndinda alikuwa ametayarisha uongo mzuri, uongo wa huruma. Alipoutazama uso wa yule mama, uongo ukamshinda.

"Ingekuwa nyekundu," akasema. "Lakini mama, wewe ulifanya kazi yako. Kazi yangu ilikuwa kukuuliza, na sikuuliza. Na ile mara ya pili nilisikia harufu. Nilisikia na nikaiamini karatasi."

Ijabo akaifumbata tasbihi. Nesi mmoja akapita akisukuma kitanda kitupu, gurudumu moja linalia.

"Huyo mkubwa wako," Ijabo akasema mwishowe, "nimemsikia. Anataka uandike ni sisi tulikosea."

"Ndiyo."

"Basi andika."

"Mama Deeq..."

"Andika ni mimi. Ijabo, mke wa Shire, alipaka asali. Si ni kweli? Mguu umeshaenda, hata ukiniandika mara mia haurudi. Mimi sina kazi ya kufukuzwa. Wewe umetoka mbali, umeletea watu machungwa, uko na mtoto shule. Andika ni mimi, upumzike. Umechoka, wallahi, hata kipofu anaona umechoka."

Hapo ndipo Ndinda alipolia. Alilia vibaya, kwa kamasi, mkono umefunika mdomo, na Ijabo, ambaye mumewe alikuwa amelala chumba cha pili amekatwa mguu, akamsogelea na kumpangusa uso kwa ncha ya mtandio wake. Ndinda alikuwa amechoka kweli. Tangu mradi uanze hakuna aliyewahi kumwambia apumzike. Na yule wa kwanza kumwambia alikuwa huyu, na kitanda alichomtandikia kilikuwa kitamu, na kwa muda wa pumzi tatu au nne Ndinda alijiona akilala juu yake.

Kisha akachukua simu, akaandika kwa vidole viwili, na alipomaliza akamsomea Ijabo kwa sauti, ili asije akajidanganya baadaye kwamba aliandika kingine.

"Kipimo kinashindwa palipo na asali, kwa sababu sukari yake inavijaza viganja vya protini. Tungeweza kulijua hili maabara, maana ndivyo tunavyoisafisha protini yenyewe. Hakuna mgonjwa aliyekosea. Tuliwapigia simu kwamba tunakuja, wakatuandalia vidonda kama mtu anavyomwandalia mgeni, nasi hatukuuliza wamepaka nini. Mgonjwa namba kumi na nne amepoteza mguu. Watu kumi na wanane waliobaki wa Mwingi ambao karatasi iliwapita waitwe hospitali leo, kabla ya ripoti yoyote. Tayari nimempa nesi Kavindu majina."

Akatuma. Simu ikatoa mlio mdogo, basi.

"Sasa watakufukuza?" Ijabo akauliza.

"Huenda."

Ijabo akatikisa kichwa, wala hakusema kwamba amefanya vyema wala kwamba amefanya upumbavu. Wakakaa bega kwa bega mpaka nesi wa wodi alipochungulia mlangoni.

"Mzee ameamka. Bado dawa haijaisha mwilini, kuanzia kiunoni hasikii kitu. Anamtaka daktari wa karatasi."

Ijabo akainuka nusu, akakaa tena.  "Nenda," akasema. "Mimi nakuja nyuma yako. Mwambie wewe. Mimi siwezi kuwa wa kwanza."

Shire alikuwa amelazwa chali, shuka limemfunika mpaka kifuani, na mtu alikuwa ameweka kitu kama pipa chini ya shuka ili lisiguse miguu, kwa hiyo mwili wake wote kuanzia tumboni kwenda chini ulikuwa kilima kimoja cheupe. Macho yalikuwa mazito lakini homa ilikuwa imepungua. Alipomwona Ndinda akatabasamu, akatoa mkono chini ya shuka kumsalimu.

"Daktari. Wewe ndiye wa kuniambia," akasema. "Wamechukua vidole vingapi?"

Ndinda akaushika ule mkono, akavuta kiti kwa mguu, akakaa karibu na kichwa chake, akamwambia.